Madeni yamekuelemea na matunzo ya mtoto yanadaiwa: huduma za Kigoma, uanzie ipi

Dawa ya deni ni kulipa, hilo halina ubishi. Ugumu unaanza pale pesa ni moja na wanaoidai ni watano: kampuni ya mikopo ambayo ofisa wake anagonga mlango kila Jumatatu, kikundi cha VICOBA, mwenye nyumba, tajiri aliyekukopesha mzigo, na mama wa mtoto mwenye amri ya mahakama mkononi. Mtu wa namna hiyo hapa Kigoma ana milango minne ya kubisha: ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, wasaidizi wa kisheria, mahakama, na mwisho kabisa shauri la kufilisika Mahakama Kuu. Tumeipima yote minne kwa kuuliza inagharimu nini, karatasi inayotoka ina nguvu kiasi gani, na mtoto anakula nini wakati wakubwa wanavutana.

Tuseme mapema tunasimama wapi. Kwa mchuuzi wa dagaa, fundi, dereva wa bodaboda au mwalimu aliyezidiwa na mikopo, mlango wa kwanza ni ustawi na wa pili ni mahakama, kuomba amri ibadilishwe. Kufilisika rasmi kunawafaa watu wachache sana, na hakuna anayetoka huko akiwa amesamehewa kumlea mwanawe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto, na haina kifungu kinachomwachia kwa sababu amefilisika.

USTAWI WA JAMII: HAPA NDIPO PA KUANZIA

Watu wengi wanaamini ofisi ya ustawi ni ya akina mama kwenda kushtaki. Sivyo. Mzazi anayedaiwa anaweza kwenda mwenyewe, kabla hajaitwa, akaeleza kwamba hali imebadilika na kiasi alichokubali hakiwezi tena. Ukitangulia, unapokelewa kama mzazi anayetafuta njia. Ukisubiri barua ya wito, tena ya pili au ya tatu, unaingia kama mtoro, na kila utakalosema litasikika kama kisingizio.

Huduma hii hailipiwi. Ofisi ziko kwenye halmashauri zote, Manispaa ya Kigoma/Ujiji, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe hadi Uvinza. Utakachohitaji kwa kawaida ni barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, kitambulisho, nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto (kama hakuna, kadi ya kliniki huanzia kazi), namba ya simu ya mzazi mwenzako, na nakala ya amri ya mahakama kama imeshatoka.

Karatasi yenye uzito kuliko hizo zote ni ile utakayoiandika mwenyewe: ukurasa mmoja wa mapato na madeni. Upande mmoja weka kila shilingi inayoingia, mwezi mzuri na mwezi mbaya. Upande wa pili weka kila deni: nani anakudai, bado kiasi gani, rejesho ni la wiki au la mwezi, na linaisha lini. Marejesho ya wiki yabadilishe kuwa ya mwezi kwa hesabu sahihi: zidisha kwa 52, gawanya kwa 12. Rejesho la 45,000 kwa wiki ni 195,000 kwa mwezi. Ukizidisha kwa nne utaandika 180,000, na hizo 15,000 zinazopotea kila mwezi ndizo zitakazokufanya ushindwe tena kiwango kipya ulichokiomba mwenyewe.

Kosa kubwa kwenye karatasi hii ni kuorodhesha madeni yote na kuficha mapato. Shamba la michikichi la kijijini linalotoa mawese mara kadhaa kwa mwaka, chumba kimoja kilichopangishwa, kamisheni ya kuuza mzigo wa mwenzako: mama wa mtoto anavijua vyote. Atavitaja mbele ya ofisa, na kuanzia hapo hata madeni yako ya kweli hayataaminika.

Mkikubaliana, hakikisheni maandishi yanataja kiasi, tarehe ya kulipa, njia ya kulipa, na jina la anayepokea. Kisha yatenge mambo matatu ambayo yasipoandikwa huvunja makubaliano ndani ya miezi michache: matibabu, mahitaji ya shule, na mavazi. Shule za serikali hazitozi ada, lakini sare, madaftari, viatu na mchango wa chakula cha mchana vipo, na vinakuja vyote kwa mkupuo mwezi wa Januari. Andikeni nani analipa nini. Kama mmoja wenu ana bima ya afya inayoweza kumbeba mtoto, iingizwe humo pia, maana inapunguza mzigo wa wote wawili bila mtoto kupungukiwa.

Udhaifu wa ustawi ni mmoja, nao ni mkubwa: makubaliano yaliyosainiwa pale hayana nguvu ya kukaziwa. Mzazi akiacha kulipa, ofisa anaweza kumwita tena, kumsihi na kumwonya, lakini hawezi kutuma dalali wala kukata mshahara. Karatasi ile inabaki kuwa ushahidi mzuri, na shauri inabidi lifunguliwe mahakamani. Hali ni hiyohiyo kwa makubaliano ya kwa shehe, kwa mchungaji au kwenye baraza la kata. Kwa wakazi wa Ujiji wanaoanzia BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, hatuna neno baya, usuluhishi wa watu mnaoheshimiana una thamani yake. Ila msiishie na ahadi ya mdomo.

NAMNA YA KULIPA ILI MALIPO YAHESABIKE

Tunalitolea hili nafasi yake kwa sababu wengi wanaolipa kweli huonekana hawajalipa.

Unga, mchele, debe la dagaa, viatu vya mtoto: vyote ni vizuri, lakini kama amri inasema shilingi 100,000 kwa mwezi, mzigo uliopeleka nyumbani kwa mama wa mtoto hauhesabiki mpaka awe amekubali kwa maandishi kwamba ni sehemu ya matunzo. Peleka chakula kama zawadi ya mzazi, na pesa ilipe kama pesa.

Lipa kwa simu, kwenye namba ileile kila mwezi, iliyosajiliwa kwa jina la anayepaswa kupokea. Usitume kwa kaka yake wala kwa jirani hata kama umeombwa, isipokuwa ombi lenyewe limekuja kwa ujumbe na umeuhifadhi. Baada ya muamala, tuma ujumbe mfupi: "Matunzo ya Juni, 100,000." Simu ikiibiwa au ikitumbukia ziwani ujumbe wote unapotea, hivyo kila baada ya miezi mitatu omba kampuni ya simu taarifa ya miamala, ichapishe, na iweke pamoja na nakala ya amri. Ofisi ya ustawi ikikubali kupokea na kuandika kwenye daftari, saini zote mbili ziwepo, ya anayeleta na ya anayechukua. Pesa taslimu bila saini ni sawa na kutolipa.

WASAIDIZI WA KISHERIA

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria na taasisi zinazotoa msaada bure kwa wasio na uwezo, na tangu 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imekuwa ikiwapeleka wanasheria mikoani. Kwa suala la matunzo na madeni, msaidizi mzuri anakupa vitu viwili vya maana: anakuandalia maombi yanayoeleweka, na anakuambia ukweli kama hoja yako ina miguu au haina. Kukusimamia mahakamani kama wakili si kazi yake, na aliye mkweli atakuambia hilo siku ya kwanza.

Muulize cheti cha usajili. Anayetaka "hela ya karatasi" au "hela ya kumwona hakimu" ni kishoka, mwache hapohapo. Maombi sasa yanaandikwa kwa Kiswahili bila shida, kwa kuwa tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo usikubali kusaini kiapo ambacho hukukisoma mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Angalia pia nakala ya sheria unayotumia. Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika Julai 2025, na machapisho ya zamani bado yako mikononi mwa watu.

MAHAKAMA

Kwanza, usipoteze muda kwenye mlango usio wako. Kama dai ni matunzo ya mtoto peke yake, huhitaji kupita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza ni sharti kwa anayeomba talaka. Watu huzungushwa kata kwa wiki nyingi kwa sababu ya kuchanganya mambo haya mawili, na wakati wote huo mtoto hana kitu.

Matunzo ya mtoto yanasikilizwa na Mahakama ya Watoto, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye majengo ya mahakama ya wilaya. Shughuli zake hazifanywi hadharani, na lugha yake ni ya upole kuliko mashauri mengine. Mahakama inaweza kumtaka ofisa ustawi aende nyumbani kwa pande zote mbili na kuandika taarifa ya uchunguzi. Taarifa hiyo ina uzito. Ndiyo maana tunasema ustawi kwanza: ofisa anayekujua, aliyeiona karatasi yako ya madeni mapema, ataandika taarifa tofauti na yule anayekutana na jina lako kwenye jalada kwa mara ya kwanza.

Sheria ya Mtoto inaitaka mahakama iangalie, kabla ya kupanga kiasi, kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna chochote kinachopunguza uwezo wa mzazi kuzalisha, wajibu wake kwa watoto wengine, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Soma tena orodha hiyo ukiwa na madeni yako mkononi. Ugonjwa, kuvunjika mguu, kuachishwa kazi, watoto wengine watatu: haya yana nafasi yake mle. Kwamba ulikopa milioni mbili kununua pikipiki ya pili haina nafasi ya namna hiyo, isipokuwa uoneshe kwamba pikipiki ndiyo inayoleta kipato cha matunzo.

Matunzo ya mke au mtalaka yako chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, na unaweza kuanzia hata Mahakama ya Mwanzo. Hayana ukali uleule. Baada ya talaka mahakama huyatoa kwa sababu maalumu, Mwislamu ana matunzo ya eda, na mtalaka akiolewa tena haki yake inakoma. Sheria inageuka pia: mume aliyepoteza uwezo wa kujitafutia kwa sababu ya maradhi au ulemavu anaweza kutunzwa na mke kwa amri ya mahakama. Kwa hiyo pesa isipotosha yote mawili, hoja ya kupunguza kiwango cha mtalaka ina nafasi nzuri kuliko hoja ya kugusa cha mtoto. Usiombe vyote kwa sentensi moja. Tenganisha.

Sasa kiini cha huduma hii: ombi la kubadilisha amri. Linapelekwa mahakama ileile iliyotoa amri, likiambatana na kiapo kinachoeleza nini kimebadilika tangu siku ya hukumu. Neno zito ni kubadilika. Kama madeni yalikuwepo siku ile na ukanyamaza, hakimu atakuuliza kwa nini unayaleta leo.

Tuchukue mfano wa kubuni unaofanana na maisha ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mchuuzi anayenunua dagaa Kibirizi ana amri ya 120,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ziwa likifungwa, kipato chake cha 600,000 kinashuka hadi 180,000 za kuuza mawese. Akiomba kiwango kishuke hadi 60,000 kwa mwaka mzima, mama wa mtoto atapinga, na ana haki, kwani ziwa linafunguliwa. Ombi linaloeleweka ni la msimu. Amri ya sasa inampa mtoto 1,440,000 kwa mwaka. Alipe 60,000 kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti, jumla 180,000, na 140,000 kwa miezi tisa iliyobaki, jumla 1,260,000. Mtoto anapata kilekile kwa mwaka, na mzazi havunji amri miezi mitatu mfululizo. Ombi la namna hii hakimu analipima kwa urahisi, kwa sababu halimwombi amnyang'anye mtoto.

Kinachoharibu maombi haya ni kuacha kulipa kabisa siku ulipoyafungua, ukidhani sasa suala liko mahakamani. Amri ya zamani inaendelea kuwa hai hadi itakapobadilishwa, na kila mwezi unaopita bila malipo unakuwa malimbikizo. Mabadiliko huanza tarehe mahakama itakayotaja, usitegemee yafute yaliyolala nyuma. Lipa unachoweza, hata nusu, kwa tarehe ileile, na uoneshe miamala.

Kwa upande wa mama anayedai, kuna jambo tunaloomba alifikirie kwa utulivu. Kifungo cha madai, yaani mdaiwa kuwekwa gerezani kwa kutolipa, kipo, lakini si adhabu ya umaskini. Mahakama inatakiwa kuridhika kwamba mdaiwa ana uwezo na anakataa, mwombaji ndiye hubeba posho ya mfungwa akiwa ndani, na akitoka deni linabaki palepale. Kwa baba ambaye kweli amefilisika, unalipa wewe ili asitafute. Kwa baba mwenye nyumba mbili na lori linaloandikwa jina la mdogo wake, hadithi ni nyingine: dai mali ikamatwe, na iambie mahakama kuhusu lori. Sheria ya Ndoa inairuhusu mahakama kutengua uhamishaji wa mali uliofanywa kwa nia ya kukwepa matunzo.

Kuhusu nyumba, watu wanaogopa kuliko inavyostahili mahali pamoja, na hawaogopi panapostahili. Katika kukazia hukumu ya kawaida ya madai, nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mke na watoto wanaomtegemea imekingwa na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, pamoja na zana za kazi, nguo, vyombo vya kupikia na vitanda. Kinga hiyo haikusaidii nyumba ikiwa imewekwa rehani benki. Hapo swali linakuwa kama mwenza alitoa ridhaa: nyumba ya ndoa haiwekwi rehani wala kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na saini ya kughushi ni hoja nzito ya kupeleka kwa wakili haraka, kabla ya tangazo la mnada.

Dalali wa mahakama huja na amri ya mahakama. Kijana wa kampuni ya mikopo anayetaka kubeba godoro na televisheni naye aoneshe amri. Kama hana, mwite mwenyekiti wa mtaa, na ukiona vitisho nenda polisi. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, imezoea kuwa ya kwanza kulipwa kwa sababu ndiyo yenye kelele. Mtoto hapigi kelele mlangoni, na kwa kuwa hapigi huwekwa mwisho. Tunapinga mpangilio huo waziwazi. Riba ya kausha damu inaweza kujadiliwa na marejesho yakapangwa upya, lakini mwezi wa mtoto kulala njaa haupangwi upya.

KUFILISIKA MAHAKAMA KUU

Miaka mingi watu wa Kigoma walipanda treni kwenda Tabora kutafuta Mahakama Kuu. Sasa Kigoma ina kanda yake, na hilo limepunguza gharama kubwa ya safari na malazi. Shauri la kufilisika kwa mtu binafsi linafunguliwa huko, chini ya Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, na wadai au mdaiwa mwenyewe anaweza kuliomba. Usimamizi wa ufilisi kwa upande wa serikali uko kwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ileile inayotoa vyeti vya kuzaliwa.

Mwenendo wenyewe ni mrefu. Mdaiwa anawasilisha maelezo ya mali na madeni yake yote, mahakama ikitoa amri mali inawekwa chini ya usimamizi, wadai wanaitwa mkutano, mdaiwa anahojiwa mahakamani kuhusu alikopelekea pesa, ndipo anatangazwa kuwa amefilisika na mali yake inagawanywa. Anabaki na zana za kazi, nguo na matandiko kwa kiwango kidogo kilichowekwa na sheria. Mali aliyomgawia ndugu bure muda mfupi kabla inaweza kurudishwa kwenye fungu. Akikopa zaidi ya kiwango kilichowekwa bila kumwambia mkopeshaji kwamba amefilisika na hajaachiwa (mahakama haijamwondoa kwenye hali hiyo), anatenda kosa. Mwisho anaomba kuachiwa, na mahakama inaangalia mwenendo wake.

Faida yake ni moja ya maana: wadai wa kawaida wanasimama kwenye mstari mmoja badala ya kila mmoja kukuvuta kwake. Hii inamsaidia mfanyabiashara mwenye wadai wengi, mzigo wa mamilioni na mali inayoonekana, mathalani mwenye mitumbwi kadhaa na ghala. Kwa mwenye kausha damu mbili na deni la VICOBA, wakili peke yake atagharimu zaidi ya deni. Na kwa matunzo, haibadilishi kitu cha msingi: mwezi ujao ukifika, mtoto bado anakula. Anayeingia humu akiwa na amri ya matunzo afanye mambo mawili siku moja. Amtaje mama wa mtoto na malimbikizo yote kwenye maelezo yake, bila kuficha, na afungue ombi la kubadilisha amri ya matunzo kulingana na kipato kitakachobaki. Kuachiwa madeni ya biashara kusihesabiwe kuwa ni kuachiwa malimbikizo ya mtoto. Hapo lipa wakili, hata kwa kikao kimoja.

WENYE MSHAHARA, NA WENZETU WA TABORA

Mwalimu au nesi ana tatizo lake. Utaratibu wa serikali unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Wakopeshaji wanaijua theluthi hiyo na wanakopesha hadi ukingoni mwake. Mshahara wa 720,000 unabakiza 240,000, na amri ya matunzo ikija haina pa kukatwa. Suluhisho si kuongeza mkopo juu ya mkopo ili upate cha kulipa mwezi huu, maana hurefusha makato kwa miaka. Omba benki irefushe muda wa mkopo uliopo ili rejesho lishuke, leta barua ya benki na hati ya mshahara ya miezi mitatu mahakamani, na omba sehemu iliyopatikana ikatwe moja kwa moja kwenda kwa mtoto. Kadi yako ya benki na namba ya siri zisikae kwa mkopeshaji. Kwa aliyekwisha kuiacha, benki inaifunga na kutoa nyingine.

Tabora mambo ni ya msimu kuliko hata huku. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge hulipwa kupitia AMCOS, chama chake cha ushirika, baada ya masoko, na mkopo wa mbolea na pembejeo unakatwa kwanza. Anayepangiwa 80,000 kila mwezi atavunja amri kuanzia mwezi wa pili. Aombe mafungu: kiasi kidogo cha chakula kila mwezi, na fungu kubwa wakati wa malipo ya tumbaku. Taarifa ya makato kutoka AMCOS ndiyo kiambatisho muhimu, kwa sababu inaonesha kilichouzwa na kilichobaki mkononi. Bila hiyo mama wa mtoto ataona jumla ya mauzo tu na kudhani baba amepokea yote.

MALIMBIKIZO

Kwa aliyekwisha kurundika miezi, usiende mahakamani na ombi la kufutiwa. Nenda na mpango. Hesabu kwanza kiasi halisi: miezi yote tangu amri, toa kila malipo yenye ushahidi, na mpe mzazi mwenzako hesabu hiyo aikague kabla ya tarehe ya shauri, kwa sababu tofauti ya miezi miwili au mitatu hula vikao vizima. Kisha gawanya baki kwa kiasi unachoweza juu ya matunzo ya kila mwezi. Deni la 960,000 kwa nyongeza ya 40,000 linaisha kwa miezi 24. Andika tarehe ya kwanza, namba ya simu itakayopokea, na utakachofanya mwezi ukikwama: kwa mfano, kumtaarifu mzazi mwenzako siku tatu kabla na kufidia ndani ya siku 30. Lipa fungu la kwanza kabla hujasimama mbele ya hakimu, na muamala huo uubandike nyuma ya ombi.

Kama mtoto anakaribia miaka 18, angalia tarehe. Amri kwa kawaida inaishia hapo, ila mahakama inaweza kuiendeleza ikiwa bado yuko shuleni au mafunzoni, na malimbikizo ya nyuma hayafi kwa sababu mtoto amekua.